Virusi vya Korona: Kwa Nini Dirisha la Matatu Lifunguliwe

Mgonjwa wa kwanza wa COVID-19 nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, akitibiwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Muda mfupi baadaye matatu za abiria 14, zikiwemo zinazotoka katikati ya jiji kwenda Kangemi na Kawangware, ziliagizwa kubeba abiria wanane pekee. Agizo hilo liliondolewa, lakini sababu yake ingali na maana.

Virusi hivi ni nini?

Korona ni jamii ya virusi. Baadhi huleta mafua ya kawaida. Virusi vya COVID-19 vinaweza kushuka hadi kwenye mapafu, ambako vifuko vidogo vya hewa huvimba na kujaa majimaji. Hapo oksijeni hushindwa kuingia vizuri kwenye damu, na mgonjwa huhitaji kuongezewa.

Vinaeneaje?

Mtu akikohoa, akiongea au akiimba hutoa matone madogo yenye virusi. Mengine huelea hewani. Asubuhi ya mvua, madirisha yote yakifungwa kwenye foleni ya Waiyaki Way, pumzi ya abiria mmoja huwa ya wote. Dirisha likifunguliwa, hata kidogo, hewa hubadilika.

Aliyeambukizwa anaweza kueneza virusi siku mbili kabla ya kuona dalili. Kijana anaweza kushuka steji ya Kawangware akijihisi mzima, na jioni akamwambukiza nyanya yake mwenye kisukari. Wazee na wenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo ndio huugua vibaya zaidi.

Kujikinga

• Fungua dirisha, nyumbani na garini.
• Ukiwa na homa au kikohozi, vaa barakoa na ujitenge na wazee.
• Nawa mikono kwa sabuni. Huvunja utando wa mafuta unaovifunika virusi.
• Uliza kuhusu chanjo kwenye kituo cha afya. Hupunguza hatari ya kuugua vibaya.
• Usinunue antibayotiki kiholela. Haziui virusi.

Nenda hospitalini mara moja ukiona:

• kupumua kwa shida
• maumivu ya kifua yasiyoisha
• kuchanganyikiwa
• midomo kugeuka rangi ya buluu au kijivu

Usingoje kesho. Mapafu yakilemewa, kila saa ina uzito.