Kipupwe Hakisamehe Rejeta ya Maji

Pale Kombani, barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga inapoachana na ile ya kupanda Kwale mjini, gari likichemka dawa yake yajulikana. Ngoja lipoe, fungua rejeta, mimina maji ya mtungi, kisha ushike mlima wa Golini. Huku pwani ya kusini, ambako hata kusi likivuma mwezi wa Julai usiku wa baridi kabisa bado ni wa nyuzi 20 hivi, maji hayo yanaweza kukaa humo miezi na gari likaenda.

Tangu utalii wa Diani ushike mizizi, watu wa Ukunda, Tiwi, Msambweni na vijiji vya kando wamekuwa wakihamia Ujerumani, Uswisi na Austria, wengine kwa ndoa, wengine kwa kazi. Wengi wao huko hununua gari la mtumba, na wengi hulinunua wakiwa wanaogopa theluji. Theluji yaonekana, na dereva akiiona hupunguza mwendo mwenyewe. Kinachowatia hasara wageni ni usiku mkavu wa Novemba, mbingu safi, hakuna theluji hata punje, nacho kipimajoto kimeshuka chini ya sifuri wakati wewe umelala.

Anza basi na hiyo rejeta. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na ndani ya injini hayana pa kwenda. Yatapasua rejeta, yatapasua mabomba, na siku ikiwa mbaya yatapasua chuma chenyewe cha injini, na hapo hakuna fundi wa kuunga, ni kununua injini nyingine. Badala ya maji matupu weka kulanti, ambayo ikichanganywa nusu kwa nusu na maji hustahimili zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Usimwamini muuzaji kwa maneno. Kipimo cha kuinyonya kulanti na kukuonyesha inaganda kwenye nyuzi ngapi huuzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya vipuri, na gereji yoyote itakupimia kwa dakika mbili. Ukiona kiasi kimepungua, usiongeze maji matupu kwa mazoea ya nyumbani. Kila lita ya maji inaupunguza ulinzi huo.

Tangi la maji ya wipa nalo hivyo hivyo. Lina maji yake maalumu ya kipupwe, yasiyoganda, na yasipokuwemo utajua siku lori la mbele linapokurushia tope la chumvi kiooni na wewe huna cha kulioshea.

Oili ya injini ni suala la kusoma kopo. Mafundi wetu hupenda 20W-50 kwa magari yaliyokwisha kula kilomita, na kwenye joto la Ukunda wana hoja. Lakini nambari iliyo kabla ya herufi W ndiyo inayoeleza oili itakavyokuwa nyepesi asubuhi ya baridi, na 20 ni nzito mno kwa Januari ya Munich. Weka ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, ambayo kwa magari mengi ya huko ni 5W-30 au 0W-30. Wenye dizeli wajue kwamba dizeli ya kiangazi huweza kuganda mithili ya mafuta ya nazi. Vituo vya Ujerumani huuza dizeli ya kipupwe kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Februari, inayostahimili nyuzi 20 chini ya sifuri. Gari lililosimama na tangi lililojazwa Septemba lina mafuta ya Septemba.

Betri inahitaji maneno machache. Joto ndilo linaloichosha, ila baridi ndiyo inayoifichua. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri hubaki na karibu nusu tu ya nguvu zake, saa ile ile stata inapohitaji nguvu zaidi kuizungusha oili iliyokuwa nzito. Ikiwa imepita miaka minne au mitano, ipimwe Oktoba. Na nyaya za jampa zikae ndani ya gari, maana jirani atakubali kukupa chaji lakini nyaya huenda hana.

Sasa matairi, ambayo ndiyo yatakayokula pesa zako. Tairi la kiangazi limetengenezwa kwa mpira unaokuwa mgumu baridi ikizidi, na kipimo ambacho watu wa matairi hukitaja sana ni nyuzi 7 juu ya sifuri. Juu, si chini. Yaani barabara kavu bila theluji yoyote, na tairi lako tayari limeanza kupoteza mshiko. Ndiyo sababu Wajerumani huhesabu kutoka Oktoba hadi Pasaka, ingawa sheria yao yenyewe haitaji tarehe. Inachosema ni kwamba barabara ikiwa na theluji, barafu au jalidi, huruhusiwi kuendesha bila matairi ya kipupwe. Ukikamatwa ni faini ya yuro 60 na alama moja katika daftari lako la makosa. Ukiwa umewafungia wengine njia, yuro 80. Austria, kwa upande wake, imetaja muda, Novemba 1 hadi Aprili 15, hali ya barabara ikidai.

Tairi linalokubalika lina mchoro ubavuni: mlima wa vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Hapa ndipo mnunuzi wa mtumba anapochezewa. Matairi ya zamani yaliyoandikwa M+S peke yake, bila mlima, yaliruhusiwa Ujerumani hadi Septemba 30, 2024. Baada ya hapo hayahesabiwi tena kuwa ya kipupwe, lakini bado yanazunguka sokoni kwa bei tamu. Tazama pia nambari nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Kina cha kashata kisheria ni milimita 1.6 tu, ila chama cha madereva, ADAC, hushauri 4 kwa kipupwe, na mimi nasema wasikilizwe. Chomeka sarafu ya yuro 2 kwenye mfereji wa tairi. Ukingo wake wa fedha ni kama milimita 4, na sehemu yake ikionekana nje, tairi hilo limekwisha kazi.

Je, matairi ya misimu yote yanatosha? Kwa mtu wa Hamburg au Cologne, anayezunguka mjini na anayeweza kupanda treni siku ikiharibika, yanatosha mradi yana ule mchoro wa mlima. Kwa anayeishi chini ya milima ya Bavaria au Uswisi, hapana. Nunua seti mbili. Unaponunua gari lenyewe, uliza kabla ya kupatana bei kama seti ya pili imo. Wauzaji wengi wanayo, imelazwa gereji kwa malipo ya msimu kama mgeni wa hoteli ya Diani.

Asubuhi toka nyumbani robo saa mapema. Kioo chote kikwanguliwe, na cha nyuma na vya pembeni, maana kutoboa kitundu cha kuchungulia ni kosa la faini. Usimwage maji ya moto, kioo kitapasuka. Theluji ya juu ya paa ishushwe, la sivyo utakapofunga breki itakuangukia kiooni. Kuliacha gari likinguruma lipashe moto huku wewe unakunywa chai hakuruhusiwi Ujerumani, hata kama baba mkwe hufanya hivyo.

Barabarani, dereva wa Kwale ana jambo moja analolijua tayari. Kuteremka kutoka Kwale mjini na mzigo, watu hushika gia ndogo na kuiacha injini ilizuie gari, badala ya kukanyaga breki njia nzima. Ufundi huo huo ndio wa barafu, pamoja na kuondoka kwa gia ya pili na kuachia nafasi kubwa mbele. Pedali ya breki ikitetemeka chini ya mguu, ni ABS inafanya kazi, usiachie. Jihadhari zaidi na madaraja, kwa kuwa upepo hupita juu na chini yake nayo huganda kabla ya barabara nyingine. Lami huonekana imelowa tu, kumbe ni barafu.

Ndani ya gari kaa na blanketi, maji, koleo ndogo na chaja ya simu. Mkanda usifungwe juu ya koti nene, hasa kwa mtoto. Koti hubonyea gari likigonga na mkanda ukawa umelegea. Mkikwama thelujini na mnataka kuwasha injini mpate joto, kwanza toka ufukue bomba la ekzosi. Likiwa limezibwa na theluji, moshi hurudi ndani, una sumu isiyo na harufu, na huua watu waliolala.

Chumvi inayomwagwa barabarani hula chuma, jambo ambalo mwenye gari la Diani hahitaji kufundishwa. Chini ya gari paoshwe mara kwa mara, na tena Aprili.

Leseni ya Kenya huko Ujerumani hutumika miezi sita tangu uanze kuishi, kisha ni mtihani wa nadharia na wa barabarani. Ule wa nadharia unaweza kuufanya kwa Kiingereza au hata Kiarabu, Kiswahili hakimo. Anayetua Oktoba asingoje leseni ikaribie kwisha Aprili ndipo atafute shule ya udereva. Masomo ya Januari ni bora kuliko ya Juni, kwa kuwa siku gari litakapoteleza mara ya kwanza, mwalimu atakuwa ameketi kando akiwa na breki yake mwenyewe.