SHIMI: POLIMERI INALINDA EMULSIO NAMNA GANI?



Wengi wetu tunashika neno «polimeri» kwa kichwa tu, juu ya Ekzameni ya Serikali. Leo tuone kazi yake moja.

Kule Muanda petroli ilianza kutolewa chini ya bahari mwaka 1975. Wakitoboa kisima, wanasukuma matope ndani ya bomba mpaka chini kabisa. Matope yanapanda tena kando ya bomba, yakibeba vipande vya mawe. Uzito wake njo unazuia gazi isipande kwa nguvu. Matope yakiharibika, bomba inaweza kunasa, ama kisima kinalipuka na watu wanakufa. Basi si mchezo.

Matope mengine ni emulsio: matone madogo ya mafuta ndani ya maji. Mafuta yanasaidia bomba kuteleza. Lakini munajua wenyewe, mafuta na maji havipatani.

Fanyeni jaribio na chupa tatu. Katika kila moja tieni maji na kijiko kimoja cha mafuta ya karanga. Ya kwanza iacheni hivyo. Ya pili ongezeni sabuni kidogo. Ya tatu ongezeni sabuni ile ile, lakini pahali pa maji tieni uji mwepesi sana wa muhogo, uliopikwa na kupoa. Tikiseni, mungojee. Ya kwanza inaachana upesi. Ya pili inakawia. Ya tatu, mafuta yanapanda polepole zaidi.

Sababu ni nini? Sabuni iko na upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, kwa hiyo inasimama kwenye mpaka wa tone. Wanga wa muhogo ni polimeri, maana yake mnyororo mrefu wa glukozi. Minyororo hiyo inafanya maji kuwa mazito, matone hayakutane upesi. Polimeri zingine zinavika tone kama nguo. Basi musiandike kwamba sabuni na polimeri ni kitu kimoja: sabuni inasaidia emulsio kuzaliwa, polimeri inailinda.

Lakini chini ya udongo kuna joto. Likipita karibu 120°C, wanga unaharibika. Ndiyo sababu kwa visima virefu wanatafuta polimeri za kiwanda zinazovumilia.

Swali: maziwa ya ng'ombe nayo ni emulsio. Ni polimeri gani inalinda mafuta yake? Jibuni kwa sababu, si kwa neno moja.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita