Somo kwa Vikundi: Kuunganisha Kamera ya USB ya Kiwandani kwenye Meza ya Majani Chai

Somo la safari hii ni la kamera, lakini si ile ya kupiga picha za harusi. Ni kamera ya kiwandani: haina betri, haina kioo cha kutazamia, na mara nyingi huuzwa hata bila lenzi. Inaunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, basi. Katibu asome polepole, na kama kuna mwenye laptop kikundini, iwekwe mezani kabla hatujaanza.

Kwanza mtauliza, mkulima wa majani chai ana haja gani na kitu kama hicho? Hebu fikirini safari ya mzigo wenu. Pale kituoni kilo zinapimwa kwa mizani ya elektroniki na unapewa risiti. Kilo zikionekana pungufu, una karatasi ya kuulizia. Lakini ubora unapimwa kwa jicho la mtu. Karani anaingiza mkono kwenye majani, anageuza, anasema, "Mama, haya ni magumu, nenda ukachambue." Pengine ana haki, pengine ametazama ya juu tu. Mama hana risiti ya kuonyesha majani mawili na chipukizi ni mangapi, na banji ngumu ni ngapi. Anakaa chini kuchambua huku lori likingoja, au linaondoka.

Kiwandani nako jicho ndilo linaloamua. Majani yakishasagwa kwa mashine za CTC yanaachwa yachachuke, kiasi cha saa moja hadi mbili kutegemea joto. Rangi inageuka kutoka kijani kuwa ya shaba, na harufu inabadilika. Mtu mwenye uzoefu anatazama, ananusa, anasema sasa yaende kwenye kikausho. Akiwahisha au akichelewesha, chai inaharibika ladha, na kule kwenye mnada wa Mombasa wanunuzi wanaonja kabla ya kutaja bei. Hasara hiyo inashuka polepole mpaka inafika kwenye bonasi yako. Upande wetu huu wa magharibi ya Bonde la Ufa tunajua uchungu wa bonasi ndogo tukijilinganisha na wenzetu wa Mlima Kenya. Sababu ziko nyingi na nyingine si za shambani kabisa, lakini ubora ni moja ambayo hutajwa kila mara, tena hutajwa bila mkulima kuwa na kipimo chake mkononi.

Kuna kazi imefanywa karibu nasi. Mwaka 2020 mtafiti Gibson Kimutai na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu kuchachuka kwa chai. Walikusanya picha za majani kutoka kiwanda cha Sisibo huko Nandi, kisha wakafundisha kompyuta kutofautisha majani ambayo hayajachachuka vya kutosha, yaliyofika, na yaliyopitiliza. Walitumia kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi na kamera yake. Yaani kazi ile ile ya jicho na uzoefu, ila kamera haichoki usiku wa manane.

Najua kuna wazee watakaokunja uso hapa. Mashine za kuchuma zilipoingia kwenye mashamba makubwa ya Kericho, vibarua wengi walikosa kazi, na Mei 2023 maandamano yalifika hatua ya mashine kuchomwa moto. Hofu hiyo si ya kijinga. Mimi naona hivi: kamera itakuja, tukiijua au tusipoijua. Kijana wa Bomet anayejua kuifunga, kuisafisha na kuirekebisha ana mlango wa kuingilia kiwandani. Asiyejua atasimama nje na kuambiwa kompyuta imesema.

Sasa tuingie kazini. Kamera hii inatofautianaje na ya simu? Simu ni mjanja. Ukipiga picha ya majani, yenyewe inaongeza mwanga, inakoleza kijani, inalainisha, ili picha ipendeze. Kwa picha ya mtoto ni sawa. Kwa kupima majani ni udanganyifu, kwa sababu leo inakoleza hivi na kesho vile. Kamera ya kiwandani haifanyi lolote ila uliloiambia. Ukiipanga Jumatatu na usiiguse, picha ya Ijumaa inaweza kulinganishwa na ya Jumatatu. Jambo la pili, nyingi zinafunga jicho lote kwa mara moja, wakati simu nyingi husoma picha safu kwa safu kutoka juu kwenda chini. Kama majani yanapita kwenye mkanda unaotembea, ile ya safu kwa safu itakuonyesha jani lililopinda ambalo halikupinda.

Lenzi inafungwa kwa kuzungusha. Ziko aina mbili za shingo zinazofanana sana, C na CS, na hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Shingo ya C inataka lenzi ikae milimita 17.526 kutoka kwenye kile kipande kinachopokea mwanga, ya CS inataka milimita 12.526. Nyuzi za skrubu ni zile zile, kwa hiyo zinaingiana vizuri tu. Ukifunga lenzi ya C kwenye kamera ya CS bila pete ya milimita 5 katikati, utazungusha mpaka mkono uume na picha ya mezani haitakuwa wazi. Mkipewa kamera, ulizeni pete hiyo iko wapi kabla mwenye gari hajaondoka.

Umbali nao unahesabika. Tuseme kamera yenu ina nukta 2448 kwa 2048, na kipande chake cha kupokea mwanga kina upana wa milimita 8.4. Mna lenzi ya milimita 12. Mnataka kuona ubao wenye upana wa sentimita 60, yaani milimita 600. Zidisha 600 kwa 12, gawanya kwa 8.4, unapata 857. Kamera basi ining'inizwe kama sentimita 86 juu ya ubao. Kwenye picha kila milimita ya jani itakuwa na nukta 4 hivi, zinatosha kabisa kuona ncha ya chipukizi. Upande mwingine wa ubao utakaoonekana ni sentimita 50. Wanahesabu wa kikundi wajaribu wenyewe kwa lenzi ya milimita 8.

Waya usichukuliwe wowote ule. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, inaruhusu waya wa hadi mita 5 na inatoa umeme wa miliampia 500. USB 3.0 ya mwaka 2008 inatoa miliampia 900 na ni ya kasi zaidi, ila waya wa kawaida usizidi mita 3 hivi. Tundu lake kwenye kompyuta mara nyingi lina rangi ya bluu ndani. Tofauti ya kasi ni kubwa. Picha moja ya kamera yetu isiyo ya rangi ni kama megabaiti 5. Tundu la zamani hupitisha karibu megabaiti 40 kwa sekunde likifanya kazi vizuri, kwa hiyo utapata picha 8 kwa sekunde na si zaidi. Kwa ubao uliotulia picha moja inatosha, msihangaike. Kwa mkanda unaotembea mtahitaji lile la bluu.

Mpango wa kuunganisha ni huu. Weka kwanza programu ya kamera kwenye kompyuta, kabla ya kuchomeka waya. Baadhi ya kamera hufuata utaratibu wa UVC na kompyuta huzitambua zenyewe. Zile za utaratibu wa USB3 Vision, uliotolewa mwaka 2013, zinaweza kufunguliwa na programu ya kampuni yoyote inayofuata utaratibu huo, na kwa wenye Linux kuna Aravis ambayo ni ya bure. Kisha chomeka waya moja kwa moja kwenye kompyuta. Usipitie kile kigawanyio cha matundu manne kisicho na umeme wake, kwa sababu kamera inakula kutoka hapo hapo na kigawanyio kinaigawia makombo. Kaza skrubu mbili za pembeni ya plagi kama zipo. Fungua programu, chagua kamera kwenye orodha, na picha itokee.

Haikutokea? Toa kifuniko cha lenzi. Msicheke, kinasahauliwa kila mahali. Kama jina la kamera halipo kabisa kwenye orodha, badilisha tundu, halafu badilisha waya, ndipo uilaumu kamera. Kama jina linaonekana kisha linapotea, mara nyingi ni umeme haba au waya mrefu mno. Kama picha zinakwama kwama, punguza idadi ya picha kwa sekunde.

Mkishaona picha, weka kipande cha gazeti kwenye ubao na zungusha lenzi mpaka herufi zisomeke, kisha kaza kiskrubu cha lenzi ili isisogee. Zima kila kinachojiendesha chenyewe: mwanga, rangi, vyote. Weka karatasi nyeupe safi chini ya kamera na uiambie programu hii ndiyo nyeupe.

Taa ndiyo nusu ya kazi, na hapa nitakaa kidogo. Stima yetu Kenya ni ya mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde ingawa jicho lako halioni. Kamera inaona. Ukiweka muda wa jicho kufunguka kuwa milisekunde 3, picha moja itakuwa na mwanga na inayofuata giza, au mistari itapita. Weka milisekunde 10 au 20 na ugonjwa huo utapona. Hiyo ni kwa ubao uliotulia. Mkanda unaotembea unahitaji muda mfupi, na taa isiyopepesa. Tumieni taa mbili, moja kila upande, zikimulika kwa mshazari, maana taa moja ya juu inang'aa kwenye jani lenye maji na mahali pale panakuwa peupe tupu. Funikeni dirisha. Jua la asubuhi Kericho na wingu la saa nane si mwanga mmoja, na majani yale yale yataonekana kama ya mashamba mawili.

Ubao upakwe rangi nyeupe au bluu isiyong'aa. Tandazeni machipukizi 30 au 40 yasiyolaliana. Marundo hayapimiki, hata kwa kompyuta ya bei gani. Hesabuni kwanza kwa macho, watu wawili kila mmoja peke yake, mkaandike, ndipo mpige picha. Mtashangaa jinsi watu wawili wanavyotofautiana juu ya banji laini. Ukubalianeni kwanza ninyi wenyewe, kwa sababu kompyuta hufundishwa na watu, na walimu wasiopatana watafundisha makosa.

Kuhusu kutunza: usitoe kamera kwenye baridi ya asubuhi ukaingia nayo mahali penye joto na unyevu, lenzi itapata ukungu. Iache kwenye mfuko wake nusu saa. Lenzi ifutwe kwa kitambaa laini, si kwa leso ya jikoni. Na sisi tunajua radi na mvua ya mawe za huku. Ngurumo zikianza, chomoeni kompyuta kwenye stima na mfanye kazi kwa betri, au muache kabisa.

Tahadhari mbili za mwisho. Picha ya majani yenu haimlazimishi karani. Ni kitu cha kupeleka kwenye mkutano wa kituo au kwa mkurugenzi mliyemchagua, mkiwa na tarehe na hesabu ya wiki kadhaa. Msimpige karani mwenyewe picha kwa siri. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu 2019. Ya pili ni pesa. Kikundi kisikope kununua kamera hii. Kama shabaha yenu ni kuchuma vizuri tu, ubao, macho mawili na daftari vinafanya kazi. Kamera ifaa kama mmepewa, au kama mna vijana wanaosomea umeme au kompyuta nao wanataka mazoezi.

Maswali ya kujadili kikundini: Ni nani kati yetu majani yake yalirudishwa mwezi uliopita, na aliambiwa sababu gani? Je, wote hapa tunakubaliana banji laini ni ipi? (Leteni majani, msijibu kwa mdomo tu.) Kijana gani anaweza kufundishwa kazi hii, na je, wasichana nao wameulizwa? Kamera ikikaa kwa mwenyekiti, mwanachama wa kawaida ataifikiaje? Majibu yaandikwe na katibu, pamoja na hesabu ya lenzi ya milimita 8. Jibu sahihi ni sentimita 57 na kitu.