Kiwambo cha Sauti au Breki ya Mtutu? Kijitabu kwa Wawindaji na Wote Wanaosimama Kando ya Bunduki

Mwindaji anayenunua bunduki kubwa hufikiria kwanza bega lake. Anajua kwamba bunduki ya kalibu .375 itampiga teke karibu mara mbili ya .30-06 aliyoizoea, na muuzaji anamwonyesha matundu yaliyotobolewa kwenye mdomo wa mtutu, anamhakikishia kuwa teke litapungua sana. Hiyo ndiyo breki ya mtutu, na muuzaji hasemi uongo. Asichokisema ni kwamba gesi ile iliyokuwa ikimsukuma mwindaji sasa inamwelekea mtu aliyesimama pembeni.

Katika vitalu vya uwindaji wa kitalii Tanzania, watu wa pembeni tunawafahamu: mfuata nyayo, askari wanyamapori anayeambatana na msafara, mbeba mizigo, mwindaji bingwa mwenyewe. Tumeandika kijitabu hiki tukiwafikiria wao kabla ya mwenye bunduki. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema: pale sheria inaporuhusu, chagua kiwambo cha sauti. Pale isiporuhusu, winda kwa mtutu mtupu, masikio ya kila mtu yakiwa yamezibwa. Breki ibaki kwenye uwanja wa kulengea shabaha.

Vifaa hivi vinavyofanya kazi

Baruti inapoungua huzaa gesi yenye shinikizo kubwa inayoisukuma risasi. Risasi ikishatoka, gesi nayo hufumuka kwa nguvu, na kufumuka huko ndiko kunakoongeza teke na kutoa sehemu kubwa ya mlio. Breki huikamata gesi mdomoni na kuitupa kando na nyuma. Gesi inapogonga kuta za matundu huivuta bunduki mbele, hivyo teke likapungua kwa theluthi na pengine hata nusu.

Kiwambo ni silinda yenye vyumba vidogo ndani yake. Gesi huingia, huzungushwa, hupoa, kisha hutoka taratibu. Kazi yake ni ileile ya sailensa ya gari. Aliyekiingiza sokoni ni Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza yake mwaka 1909. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bombomu ya Maxim iliyotumiwa na majeshi ya kikoloni kushinda vita vingi Afrika, na masikio yake yaliharibika kwa miaka mingi ya kujaribu silaha. Teke pia hupungua kwa kiwambo, ingawa si kwa kiasi cha breki, kwa kuwa gesi hutoka pole na bunduki imeongezeka uzito.

Mlio ni mkubwa kiasi gani

Bunduki ya kuwindia isiyo na kifaa chochote hutoa mshindo wa desibeli kati ya 155 na 170 hivi. Mipaka ya usalama inayotumika duniani kwa mshindo mmoja wa ghafla ni desibeli 140 kwa mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza 120 kwa mtoto. Kwa hiyo hata risasi moja tu, bila kinga, inavuka mpaka.

Kipimo hiki kinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa mara 10. Breki huongeza desibeli kama 5 hadi 10 kwa walio pembeni na nyuma kidogo ya mdomo wa mtutu, na kinachoonekana kama nyongeza ndogo kwenye karatasi ni kipigo kipya kabisa kwenye sikio. Kiwambo kizuri hupunguza desibeli 20 hadi 35.

Hata hivyo, kiwambo hakiifanyi bunduki iwe bubu kama filamu zinavyoonyesha. Risasi ya .375 hutoka kwa kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti hewani, nayo hupasua hewa kwa mlio wake yenyewe njia nzima. Kiwambo hakina la kufanya na mlio huo. Kinachobaki huwa karibu na ule mpaka wa 140, mara nyingine chini yake, mara nyingine juu. Vizibo vya masikio bado ni lazima.

Sikio linalofanya kazi

Ndani ya sikio la ndani mna seli zenye vinyweleo vyembamba, elfu kumi na tano hivi kwa kila sikio, tunazozaliwa nazo. Mshindo mkubwa huzilaza au kuzikata, na kwa binadamu hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba, kwenye mawimbi ya 3,000 hadi 6,000 kwa sekunde. Mtu haamki siku moja akiwa kiziwi. Anaanza kuona watu wanasema bila kutamka vizuri, s na f na sh zinampotea, na usiku kuna mlio wa nyenje kichwani usiokoma.

Sasa mtazame mfuata nyayo kazini. Nyati aliyejeruhiwa ameingia kichakani, damu imekatika, upepo unabadilika. Macho hayafiki hatua kumi. Kinachomwambia mnyama yuko wapi ni shashi, wale ndege wanaokula kupe mgongoni mwa nyati, wanaporuka ghafla kwa sauti yao nyembamba inayokwaruza. Sauti hiyo iko juu, kwenye eneo lilelile ambalo mshindo hulila kwanza. Mfuata nyayo aliyefanya kazi misimu mingi kando ya mitutu yenye breki anaweza kuendelea kusikia gari, kusikia radi, kusikia akiitwa kwa sauti nzito, asiwasikie shashi. Hapo ulemavu wake si wake peke yake tena. Msafara wote unaingia kichakani bila mlinzi wake mkuu.

Liangalie pia tukio la kufyatua lenyewe. Mfuata nyayo amesimika fimbo tatu za kuegeshea bunduki, mgeni ameweka mtutu juu yake. Mikono ya mfuata nyayo imeshika fimbo zisiteleze, kwa hiyo hawezi kuziba masikio. Kichwa chake kiko urefu wa mkono kutoka mdomo wa bunduki, pengine pungufu. Bunduki yenye breki inapolia, gesi humpiga usoni pamoja na mlio. Ni mahali pabaya kuliko pa mwindaji mwenyewe, naye ndiye asiyeulizwa bunduki ipi itumike.

Hoja ya upande wa pili ina uzito

Wanaoitetea breki hawatetei starehe tu. Mtu anayeogopa teke hufumba macho na kushtuka kabla ya kufyatua, risasi inakwenda tumboni badala ya begani, na nyati wa tumboni ndiye anayeua watu. Tunakubali. Mlengaji mwoga ni hatari kwa mfuata nyayo kuliko mlio.

Lakini dawa ya woga huo si lazima iwe breki. Mgeni asiyeimudu .416 au .458 na aje na .375, kalibu iliyoangusha nyati tangu 1912, afanye mazoezi ya kutosha nyumbani akiwa amesimama na fimbo, si ameketi mezani. Kalibu ndogo iliyopigwa mahali pake hushinda kubwa iliyopigwa kwa kushtuka. Anayetaka kujizoeza bunduki nzito afunge breki uwanjani, kisha aivue na kufunika nyuzi za mtutu kwa kofia yake kabla ya kusafiri. Akumbuke kulenga upya, kwa sababu mtutu uliovuliwa kifaa huweza kupiga mahali tofauti na ulipokuwa umelengwa.

Kiwambo nacho kina adha zake. Kinaongeza urefu wa sentimita 15 hadi 20 na uzito wa gramu mia tatu na kuendelea, jambo linalosumbua vichakani na wakati wa kushuka garini. Aina zinazorudi nyuma kuufunika mtutu hupunguza urefu huo. Bunduki za mitutu miwili hazifai kufungwa kiwambo. Ndani yake hukusanyika masizi na unyevu, kwa hiyo kivuliwe kila jioni mtutu upumue, la sivyo kutu itaanzia mdomoni. Na kikilegea nyuzi, risasi inaweza kugonga kuta za ndani. Kikaze kwa mkono kila asubuhi, bunduki ikiwa haina risasi.

Faida yake moja huwa haitajwi madukani: kwa kuwa mlio wa mdomoni umetulia, msafara husikia risasi ikimpiga mnyama. Wafuata nyayo wazoefu hutofautisha sauti ya mfupa na ya tumbo, na hilo huwaongoza katika kuamua waanze kufuatilia mara moja au wasubiri.

Sheria

Afrika Kusini na Namibia viwambo ni vifaa vya kawaida vya mwindaji. Ufini na Norwei vilevile. Ujerumani ililegeza sheria yake kwa wawindaji mwaka 2020. Marekani imevisajili tangu sheria ya 1934 iliyoweka kodi ya dola 200. Kodi hiyo imeshuka hadi sifuri kuanzia Januari 2026, usajili ukabaki, na si kila jimbo linaruhusu.

Hakuna kibali cha nchi moja kinachovuka mpaka kwenda nyingine. Afrika Mashariki, ambako majangili wameua tembo na faru kwa miaka, ofisa anayekuta kiwambo ndani ya begi ana haki ya kutilia shaka. Kwa Tanzania, silaha na vifaa vyake vinaangaliwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya 2015, na wanyama chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kampuni inayompokea mgeni iombe jibu la maandishi kutoka Polisi na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) kabla mgeni hajapanda ndege. Neno la mdomo halitoshi. Kenya imefunga uwindaji tangu 1977, lakini yanayosemwa hapa kuhusu masikio yanawahusu pia askari wa hifadhi na walenga shabaha wa huko.

Mgeni akifika na breki

Mwindaji bingwa aseme naye siku ya kwanza, wakati wa kuhakiki bunduki, kwa heshima na bila kuzunguka. Breki nyingi hufunguka kwa spana. Kama haifunguki, watu wote wasimame nyuma ya mpigaji, asiwepo wa pembeni, na fimbo ziachwe zisimame zenyewe. Mpigaji asilale kifudifudi kufyatua, kwani breki hutimua vumbi linaloficha mnyama wakati ule anapotakiwa kuonekana.

Vizibo vya masikio vitolewe na mwajiri, bure. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka awape wafanyakazi vifaa vya kinga. Vya kielektroniki ndivyo vinavyofaa porini, maana huacha minong'ono na ndege wasikike, kisha hujifunga mshindo unapotokea. Mfuata nyayo avae hivyo kabla ya kukaribia mnyama, kwa sababu hatapata mkono wa kuvivaa baadaye.

Sikio likilia au kuziba baada ya mshindo na hali hiyo ikapita siku moja, nenda hospitali yenye daktari wa masikio. Usitie mafuta wala dawa ya kienyeji. Na kabla ya msimu kufunguliwa Julai, kila mtumishi wa kambi apimwe usikivu, nakala moja ibaki kwenye jalada lake, nyingine achukue mwenyewe nyumbani. Siku atakapodai fidia ya ugonjwa wa kazini, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha masikio yake yalikuwaje alipoajiriwa.