Masafa, Kiraka na Pindo: Istilahi za Antena Bapa katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umejikita zaidi katika asili ya neno: likopwe, liundwe, au lifasiriwe sisisi. Suala lililopewa nafasi ndogo ni namna istilahi zinavyohusiana pale zinapokutana katika sentensi moja. Makala haya yanakusudia kulichunguza suala hilo kwa kutumia mfano wa antena bapa, ambayo wahandisi huiita kwa jina lenye maana ya kiraka, na ambayo imo katika vifaa vingi vya mawasiliano yasiyotumia waya, vikiwamo vipokezi vya setilaiti vinavyotuonyesha mahali tulipo. Usanifu wake hutegemea uhusiano wa mambo mawili: urefu wa wimbi, na idadi ya mitetemo ya wimbi hilo kwa sekunde. Hapo ndipo msamiati wetu unapokwama.

2.0 Kifaa chenyewe

Wazo la antena hii lilitolewa na G. A. Deschamps mwaka 1953, lakini matumizi yake yalishika kasi miaka ya 1970. Ni bamba jembamba la shaba, aghalabu la mstatili, lililobandikwa juu ya kihami. Chini ya kihami hicho pana bamba jingine, pana zaidi. Ili antena iitikie vema, urefu wa bamba la juu hauna budi kukaribia nusu ya urefu wa wimbi, kama wimbi hilo linavyokuwa ndani ya kihami.

Tuchukue mawimbi ya gigahezi 2.45, yatumiwayo na mitandao ya kompyuta isiyo na waya. Hewani, wimbi moja lina urefu wa milimita 122 hivi. Nusu yake ni 61. Ndani ya kihami wimbi hufupika: urefu wake hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha kipimo cha kihami. Bodi ya kawaida ya nyuzi za kioo ina kipimo kinachokaribia 4.4, nacho kipeuo chake ni 2.1. Kwa hiyo bamba litakuwa na milimita 29 hivi, pungufu kidogo kwa sababu uga wa umeme humwagika nje ya kingo zake. Msanifu akitaka antena ndogo zaidi, atachagua kihami chenye kipimo cha 10, na bamba litashuka hadi milimita 19. Anaweza pia kuunganisha ukingo mmoja na bamba la chini, ili robo ya wimbi itoshe badala ya nusu, au kukata mianya itakayoulazimisha mkondo wa umeme kuzunguka. Kila njia ina gharama yake, na gharama iliyo kubwa ni kufinyika kwa bendi.

3.0 Tatizo la masafa

Sasa tujaribu kuyasema hayo kwa istilahi zilizozoeleka:

(1) Masafa yakiwa mafupi, antena huwa ndogo.
(2) Masafa yakiwa ya juu, antena huwa ndogo.
(3) Masafa yakipungua, antena huwa …

Sentensi (1) na (2) zote ni kweli. Katika (1), *masafa* ni urefu wa wimbi. Katika (2), ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Mambo haya mawili huenda kinyume: moja likizidi, jingine hupungua. Kwa hiyo (3) haikamiliki. Mwanafunzi mmoja ataandika *ndogo*, mwenzake *kubwa*, na mwalimu hatakuwa na haki ya kumkosoa yeyote kati yao.

Mkanganyiko huu una historia. *Masafa* ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya umbali. Watangazaji wa redio walipotuzoesha *masafa mafupi* na *masafa ya kati*, walikuwa wakizungumzia urefu wa mawimbi. Baadaye neno hilohilo likashika maana ya namba inayotafutwa redioni, na kwa maana hiyo limeingia katika lugha ya mamlaka za mawasiliano. Maana ya kwanza nayo haikufa: *kombora la masafa marefu* ni lile lifikalo mbali. Basi *antena ya masafa mafupi* ina tafsiri tatu. Zaidi ya hayo, *masafa mafupi* ya redio ni mawimbi ya mita 10 hadi 100, yaani marefu kuliko yale ya mfano wetu kwa zaidi ya mara 80!

Etimolojia inaunga mkono maana ya urefu. Matumizi yanaunga mkono maana ya mitetemo. Kwa maoni yetu matumizi yashinde, kwani istilahi iliyokwisha kuingia katika leseni na sheria haing'olewi na wanaisimu. Lakini ushindi huo uwe na sharti la kisarufi. *Masafa* yenye maana ya mitetemo yaandamane na *ya juu* na *ya chini* tu. Vivumishi *-refu* na *-fupi* viachiwe *urefu wa wimbi* na umbali. Katika vitabu vya kiada, *masafa mafupi* ya redio yaitwe *mawimbi mafupi*.

4.0 Kiraka na pindo

Kuhusu *kiraka*, pingamizi linalosikika ni kwamba kiraka huziba tundu, na hapa hakuna tundu. Pingamizi hili ni dhaifu. Waandishi wa michezo humwita kiraka mchezaji anayemudu nafasi nyingi, na hakuna aliyelalamika. Tunaliunga mkono neno hili kwa sababu linazaa mengine. Mawimbi ya antena hii hurushwa kutoka kingoni, si katikati, na mtumiaji wa kanga tayari anatofautisha *pindo* na *mji*. Tunapendekeza *pindo* kwa kingo za kiraka. Katika kiraka cha mstatili kinachofanya kazi kwa namna yake ya msingi, pindo mbili zilizo kwenye ncha za urefu ndizo zirushazo; mawimbi ya pindo mbili za ubavuni hubatilishana. Za kwanza ziitwe *pindo tendaji*, na za pili *pindo bubu*.