SOMO LA VYAMA: UFUNDI WA KUFUNGA NZI WA KUVULIA, NA DUKA LINALOWAUZA



Madhumuni ya somo hili ni kueleza kazi ya mikono ambayo mtaji wake ni mdogo lakini uangalifu wake ni mkubwa, na kuonyesha jinsi kazi hiyo inavyotegemea duka lililo karibu na mto. Katibu alisome kwanza peke yake, kisha alisome mbele ya wanachama na kuongoza majadiliano.

1. Nzi wa bandia ni kitu gani?

Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Waliingizwa mwaka 1905 katika Mto Gura, ushukao kutoka Milima ya Aberdare, kisha wakaenezwa katika mito mingine ya maji baridi kama Chania, Mathioya na Thiba. Samaki huyu hula wadudu, na wavuvi wa kujiburudisha humtega kwa ndoana iliyovishwa manyoya na uzi hata ikafanana na mdudu au na kisamaki kidogo. Ndoana hiyo ndiyo iitwayo nzi. Kwa kuwa haina uzito wa kutosha kurushwa yenyewe, hubebwa na kamba nene ya mshipi wakati wa kurusha.

Nzi hao hufungwa kwa mikono, mmoja mmoja, na huuzwa kwa dazeni. Kenya ni mojawapo ya nchi ambazo mafundi wake hufunga nzi kwa ajili ya maduka ya Ulaya na Marekani.

2. Vifaa na hatua za kazi

Fundi huhitaji jiliwa dogo la kubania ndoana, mkasi mkali, kishikio cha kibonge cha uzi, sindano na vanishi. Mwanagenzi na aanze na nzi aitwaye Woolly Bugger, aliyebuniwa mwaka 1967 na Russell Blessing wa Pennsylvania, Marekani. Hatua zake ni hizi:

(a) Bana ndoana katika jiliwa, shina lake likiwa sawasawa na meza.

(b) Zungusha uzi kutoka nyuma ya tundu la ndoana mpaka shina linapoanza kupinda.

(c) Funga hapo mkia wa manyoya laini ya bata mzinga, urefu wake ukilingana na shina la ndoana.

(d) Papo hapo funga ncha ya unyoya mrefu wa jogoo, pamoja na uzi mnene wenye malaika kama mahameli.

(e) Zungusha uzi mnene kuelekea mbele uwe mwili, ukaufunge kabla ya kulifikia tundu. Kisha zungusha unyoya juu yake kwa mizunguko mitano au sita iliyoachana sawasawa, nao ukaufunge.

(f) Maliza kichwa kwa fundo, kata uzi, na utie tone la vanishi.

Kosa la kawaida la mwanagenzi ni kulijaza tundu la ndoana kwa uzi na vanishi. Nzi wa namna hiyo, hata akiwa mzuri kwa macho, hafai kitu, kwa sababu mvuvi hawezi kupitisha mshipi.

Kuhusu manyoya, chama kitumie ya kuku na ndege wengine wafugwao, au kinunue yaliyo na hati halali. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na biashara ya viungo vya wanyama walindwao hutawaliwa pia na mkataba wa mataifa wa mwaka 1973. Unyoya mmoja wa haramu waweza kukiponza chama kizima.

3. Dazeni ni ahadi

Anunuaye dazeni moja hununua nzi kumi na wawili walio sawa kwa ukubwa, rangi na urefu wa mkia. Wakiwa kumi wazuri na wawili wabovu, mnunuzi huwakumbuka wale wawili. Kwa hiyo kila chama na kiweke kielelezo cha kila aina, kilichobandikwa juu ya kadi na kuandikwa namba ya ndoana na vifaa vilivyotumika. Mkaguzi alinganishe kazi na kadi, wala asilinganishe na kumbukumbu zake.

4. Kazi ya duka

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Lakini nzi aliyemo ndani ya sanduku la fundi hajiuzi. Sharti awepo mtu amjuaye mvuvi na aujuaye mto. Mwenye duka la jirani hujua samaki wanakula nini mwezi huu, hukubali kununua dazeni mbili pale mnunuzi wa mbali atakapo mia mbili, na humrudishia fundi habari za kasoro kabla hazijawa hasara.

Tutazame mfano wa mji mdogo wa Roscoe, katika jimbo la New York, ulio kando ya mito Beaverkill na Willowemoc. Mwaka 1928 Walt na Winnie Dette walianza kazi ya kufunga nzi huko. Fundi stadi Rube Cross alikuwa amekataa kuwafundisha, basi wakanunua nzi wake, wakawafumua uzi kwa uzi na kujifunza jinsi walivyofungwa. Waliuza kazi yao nyumbani kwao, na binti yao Mary akairithi. Wavuvi waliwategemea kwa nzi na kwa habari za mto pia.

Sasa lipo jambo linaloleta ugomvi. Mwanachama akimwuzia mvuvi kandokando ya mto kwa bei ileile anayompa mwenye duka, leo atapata shilingi za haraka. Lakini mwenye duka, ambaye hulipa kodi ya nyumba na kuweka mali msimu ambao hakuna wageni, hataweza kushindana naye. Duka likifungwa, fundi hupoteza mnunuzi wake wa mwaka mzima. Ni vema mkutano mkuu uweke bei mbili: bei ya duka, na bei ya rejareja isiyopungua ile ya dukani.

Duka nalo lina wajibu wake. Mali ikitolewa kwa mali kauli, iandikwe stakabadhi yenye idadi, bei na siku ya kulipa. Urafiki usioandikwa huishia barazani kwa wazee.

5. Hesabu ya bei

Tuseme, kwa mfano tu, vifaa vya dazeni moja ni shilingi 130. Ujira wa fundi ni shilingi 900 kwa siku, naye hufunga dazeni 5. Yaani shilingi 180 kwa dazeni. Gharama za chama ni shilingi 40. Jumla ni shilingi 350.

Lakini kama katika kila dazeni 10 mkaguzi hukataa nzi wanaotimia dazeni moja, zinazouzwa ni 9. Gharama ya zote ni shilingi 3,500. Ukigawa kwa 9 utapata karibu shilingi 389. Chama kinachouza kwa shilingi 360 hudhani kinapata faida ya shilingi 10, kumbe kinapoteza 29 kwa kila dazeni. Hasara hiyo haionekani sokoni. Imo katika kikapu cha takataka. Basi katibu aandike waliokataliwa katika daftari, kila siku, kwa jina la kila fundi, ili anayehitaji kufundishwa tena afundishwe.

6. Maswali ya kujadiliwa

(i) Je, chama chetu kina kielelezo cha kila bidhaa tunayouza?

(ii) Bei yetu ilikadiriwa lini, na je, ilihesabu mali iliyokataliwa?

(iii) Ni duka gani la jirani linalouza kazi yetu, nasi tunalitendeaje?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na yasomwe tena katika mkutano utakaofuata.