AFYA NYUMBANI: Mayai ya Mboga Yaive Hadi Katikati

Yai moja la kuku lina takriban gramu 6 za protini, pamoja na vitamini A na B12. Kwa familia isiyomudu nyama kila siku, mayai huboresha mlo kwa gharama nafuu.

Mahitaji ya watu wanne: mayai 4, viazi 2 vilivyochemshwa, kitunguu 1, nyanya 1, mchicha, chumvi kidogo na vijiko 2 vya mafuta.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha mboga, uzikatekate.
2. Kaanga kitunguu hadi kilainike. Tia nyanya na mchicha, uache maji yakauke.
3. Ongeza vipande vya viazi. Piga mayai, yatie chumvi, umimine juu.
4. Funika, upike kwa moto mdogo. Geuza ili upande wa pili uive.

Chakula kimeiva pale yai limeshikana na hakuna ute unaotiririka katikati. Yai lisiloiva laweza kuwa na bakteria wa salmonela, wanaosababisha kuhara, kutapika na homa. Watoto wadogo, wajawazito na wazee huathirika zaidi.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 achemshiwe yai kwa dakika 10 hadi kiini kiwe kigumu, kisha lipondwe bila chumvi.

Yai lenye ufa au harufu mbaya litupwe. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Mtoto akihara, apewe ORS na apelekwe kituo cha afya kilicho karibu.